Maadili Yanayomomonyoka Ni Yapi?

Jioni moja nilipanda daladala Kariakoo kwenda Mbagala Rangi Tatu, nikasimama katikati nimeshika bomba kwa kuwa viti vilishajaa. Redio ya dereva ilikuwa na mjadala wa mmomonyoko wa maadili, na abiria wakaudaka. Mzee wa kanzu aliyekaa nyuma ya dereva alilaumu mavazi ya mabinti. Dada mmoja akalaumu simu. Kijana mwenye begi la vifaa vya umeme akasema wa kulaumiwa ni wazazi. Wote walisema "maadili", na kila mmoja alikuwa na kitu chake kichwani.

Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali jambo likatokea. Mama mwenye ndoo ya samaki kutoka soko la Feri alikuwa ametoa noti ya elfu tano kulipa nauli. Konda, kwa haraka na giza lile, akamrudishia chenji kana kwamba amepewa elfu kumi. Mama akahesabu mara mbili, kidole gumba kikiwa bado na magamba ya samaki, kisha akatulia na zile noti mkononi. Jirani yake aliona. Haikupita dakika, nusu ya basi ilishajua, isipokuwa konda mwenyewe, aliyekuwa akining'inia mlangoni akiita abiria.

"Kaa nayo, mama," kijana wa umeme alisema kwa sauti ya chini. "Hawa wametumezea chenji zetu miaka mingapi?"

"Konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri mwenye basi usiku huu," yule dada akajibu. "Hiyo elfu tano itatoka kwenye ugali wa wanawe."

Mwanafunzi wa sekondari aliyebanwa dirishani akaingilia kwa adabu: "Shikamoo mama. Ingekuwa wewe ndiye umezidisha, ungetaka irudi?"

Mzee wa kanzu hakugeuka. "Haramu ni haramu hata iwe shilingi kumi. Mungu anaona."

Na bibi mmoja aliyejitanda kanga, aliyekuwa kimya tangu Kariakoo, akasema: "Mwanangu, utu wako wote huo unauuza elfu tano?"

Kutoka Aziz Ali hadi Mtongani si mbali, lakini kwa foleni ya jioni ile basi letu lilipita karibu njia zote kuu za falsafa ya maadili. Hakuna aliyemtaja mwanafalsafa hata mmoja. Naandika makala hii kwa sababu mjadala wa redioni ulikuwa na maneno mengi na sababu chache, ilhali ule wa chenji ulikuwa na maneno machache na karibu kila neno lilikuwa sababu.

Maneno kwanza

Maadili ni neno la asili ya Kiarabu, ndugu wa adili na uadilifu. Mzizi wake unahusu haki na usawa, na Waarabu huutumia pia kwa mzigo wa upande mmoja wa ngamia unaolingana uzito na ule wa upande wa pili. Picha hiyo naipenda. Mzigo ukielemea upande mmoja, ngamia hafiki.

Mila na desturi ni yale ambayo jamii imezoea kuyafanya. Sheria ni yale yanayoamriwa na dola, na ukiyakiuka kuna polisi na mahakama. Maadili ni vipimo vya wema na ubaya, na kwa vipimo hivyo tunaweza kuzipima hata mila, hata sheria. Falsafa ya maadili, basi, ni kazi ya kuviuliza vipimo vyenyewe: kwa nini hili ni baya? Ni baya kwa kila mtu? Umejuaje?

Watu wengi huchanganya maadili na sheria, wakidhani lisilokatazwa na sheria halina ubaya. Tazama historia ya jiji letu. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo mwaka mmoja kabla ya hapo mtu angeweza kuwa na mtumwa Dar es Salaam na sheria isimguse kwa jambo hilo. Je, utumwa ulianza kuwa mbaya 1922? Kama unasema hapana, ulikuwa mbaya siku zote, umeshakubali kwamba kuna kipimo kilichosimama juu ya sheria. Na upande wa pili ni hivyo hivyo: kuvunja ahadi uliyompa mwanao hakukupeleki mahakamani, lakini mtoto anajua umemkosea.

Mkanganyiko mwingine ndio unaonikera zaidi. Siku hizi neno maadili limebanwa hadi likawa karibu sawa na mavazi na mapenzi. Binti akivaa nguo fupi, hana maadili. Muuza mchele akichezea mizani, ni mjanja wa mjini. Lakini tunayo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995, na humo kiongozi anatakiwa atamke mali na madeni yake, na asitumie cheo kujinufaisha. Walioiandika walijua kwamba pesa, madaraka na ukweli ni mambo ya maadili. Sisi tuliobaki mitaani ndio tumelipunguza neno.

Sketi ya 1969 na swali la Mskoti

Malalamiko ya mavazi si mapya. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia tarehe 1 Januari 1969 sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita hapa Dar es Salaam kwa hoja kwamba si utamaduni wetu. Magazeti ya siku hizo yalipokea barua nyingi za wasomaji, za kuunga mkono na za kupinga. Mabinti wa mwaka ule leo ni bibi zetu, na baadhi yao sasa wanawalalamikia wajukuu.

Tuipime hoja ya "si utamaduni wetu". Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, katika kitabu alichokichapisha kati ya 1739 na 1740, aliona jambo dogo ambalo wengi walikuwa wamelipita. Waandishi wa maadili, alisema, huanza kwa kueleza mambo yalivyo, kisha ghafla wanaanza kusema mambo yanavyopasa kuwa, bila kutuonyesha walivukaje kutoka huku kwenda kule. Yaani: "Wazee wetu walifanya hivi" ni habari. "Yatupasa kufanya hivi" ni agizo. Kati yao pana mto, na lazima mtu ajenge daraja la sababu.

Wazee wetu walifanya mambo mema mengi, na mengine ambayo leo hakuna mzee anayeyataka yarudi. Zaidi ya hayo, desturi zenyewe huhama. Kanga, tunayoiita vazi letu la asili, ilienea pwani hii katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikichapwa India na Ulaya. Kwa mama wa zama zile ilikuwa fasheni mpya.

Sisemi mavazi hayana neno la kuzungumzwa. Kuwajali walio karibu nawe, kwenda msibani na nguo inayoheshimu wafiwa, hizo ni sababu, na sababu inaweza kupimwa. "Tangu zamani" peke yake haipimiki.

Mtoto wa mkunga

Tabia hii ya kudai sababu ina historia ndefu, na katika masimulizi ya Wagiriki kinara wake ni Socrates wa Athens. Hakuandika kitabu. Mama yake alikuwa mkunga, na yeye alisema anafanya kazi ya mama yake: anawasaidia watu kuzaa mawazo, kisha anayakagua kama ni mazima. Alimsimamisha jemadari akamuuliza ujasiri ni nini, akamsimamisha mtu wa dini akamuuliza uchamungu ni nini, na kila mmoja aligundua kwamba neno alilolitumia maisha yake yote hawezi kulieleza. Mwaka 399 KK, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alishtakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwaharibu vijana. Waliomhukumu walikuwa raia wapatao 500. Akanywa kikombe cha sumu.

Mashtaka ya kuharibu vijana tunayasikia hadi leo kila mtu anapouliza maswali magumu, na ndiyo maana wazazi wengi huamini falsafa ni adui wa dini. Nataka nikae hapa kidogo.

Plato, mwanafunzi wa Socrates, ameandika mazungumzo ambamo Socrates anauliza: jambo jema ni jema kwa kuwa miungu inalipenda, au miungu inalipenda kwa kuwa ni jema? Ukilitazama haraka ni mchezo wa maneno. Ukilitazama vizuri ni swali la mtu anayemwamini Mungu kwa dhati. Ukisema jambo ni jema kwa sababu tu limeamriwa, je, kama ukatili ungeamriwa ungekuwa mwema? Ukisema limeamriwa kwa kuwa ni jema, basi wema una sababu, na akili aliyotujalia Mungu inaweza kuitafuta.

Waislamu walilijadili swali hili kwa kina kuliko wengi tunavyojua. Wanazuoni wa Mu'tazila, walioanzia Basra katika karne ya 8, walishikilia kwamba akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa matendo hata kabla ya kufikiwa na wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Wafuasi wa mwanazuoni al-Ash'ari wakajibu kwamba wema na ubaya hujulikana kwa amri ya Mungu, na akili isijivike cheo kisicho chake. Kwa Wakristo, Thomas Aquinas wa karne ya 13 alifundisha kwamba Mungu ameweka sheria ya asili ndani ya akili ya mwanadamu, ili hata asiyesoma maandiko ajue kwamba kuua asiye na hatia ni uovu. Hao wote walikuwa watu wa ibada, na hakuna aliyedhani kuuliza ni kukufuru. Kwa hiyo mzee wetu wa kanzu alikuwa mahali pa heshima katika historia hii. Ninachotamani ni kumwona akikaa na mjukuu wake na kumweleza kwa nini Mungu akakataza.

Bibi wa kanga na Aristotle

Neno la Kiarabu akhlaki maana yake ni tabia. Neno la Kigiriki ambalo Wazungu walilipa somo hili jina nalo linatokana na tabia. Aristotle, aliyeishi kati ya 384 na 322 KK, alianzia hapo hasa. Hakuuliza kwanza "nitende nini?" Aliuliza "niwe mtu wa namna gani?" Ndilo swali la bibi wa kanga pia.

Jibu lake ni la karakana. Mtu huwa mjenzi kwa kujenga, alisema, na huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu. Nenda gereji yoyote ya Tandale uone kijana anavyofundishwa. Miezi ya kwanza anapokea spana tu. Baadaye anafungua nati, anakosea, anagombezwa, anarudia. Siku moja mkono wake unajua wenyewe ukaze kiasi gani. Wema nao, kwa Aristotle, ni wa mkono na mazoea. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi, na yeye angeafiki.

Aliongeza kwamba tabia njema hukaa katikati ya kasoro mbili. Ujasiri uko kati ya woga na ukichaa. Ukarimu uko kati ya ubahili na israfu: anayekimbia kila kamati ya harusi amepotea, na anayekopa ili mchango wake uonekane kwenye kadi amepotea upande wa pili. Katikati hiyo haipimwi kwa rula. Inatofautiana kwa mtu na hali, na huonwa na aliyezoea kuiona.

Maandishi yake yalitafsiriwa Baghdad, na mwanafalsafa Miskawayh, aliyefariki 1030, akaandika juu ya kutakasa tabia kwa kuyachanganya na mafunzo ya Kiislamu. Ulaya Magharibi ilimpokea upya Aristotle kwa kiasi kikubwa kupitia mikono ya Waislamu, Ibn Rushd wa Cordoba akiwa mstari wa mbele. Hata neno letu falsafa limepita njia hiyo, kutoka Kigiriki hadi Kiarabu hadi kwetu.

Lazima pia niseme kwamba Aristotle huyuhuyu alitetea utumwa. Aliandika kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Akili kubwa namna ile ilishindwa kumwona aliyekuwa akimletea maji. Kila nikimsoma hilo hunirudia, na nadhani ni vizuri linirudie.

Daftari la Mangi

Swali la mwanafunzi wa dirishani linatupeleka Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Huko aliishi Immanuel Kant, aliyezaliwa 1724 na kufariki 1804. Mwaka 1785 alichapisha kitabu chembamba na kigumu, na ndani yake kuna mfano ambao ungeweza kutoka mtaa wowote wa hapa.

Mtu ana shida ya pesa. Anaenda kukopa, anaahidi kurudisha, na moyoni anajua hatarudisha. Kant anamwambia: geuza unachotaka kufanya kiwe kanuni ya watu wote. Kila mwenye shida akope kwa ahadi ya uongo. Kitatokea nini? Hakuna atakayeamini ahadi, na hutakuwa na mtu wa kumkopa. Uongo wako unafanya kazi kwa sababu wengine wanasema kweli.

Duka la Mangi mtaani kwetu lina daftari la kaunta lenye jalada lililochakaa. Kurasa za mwanzo zina majina mengi, mengine yamekatwa kwa kalamu nyekundu kwa kuwa yamelipwa, mengine hayajakatwa mpaka leo. Ukifika katikati kurasa ni nyeupe. Ukutani pameandikwa kwa chaki: leo fedha taslimu, kesho mkopo. Kila nikinunua sukari pale nawaza kwamba kurasa zile nyeupe ni hoja ya Kant iliyoandikwa na wakopaji wenyewe. Mjane wa nyumba ya pili, ambaye angelipa kila senti, hakopeshwi tena kwa sababu ya watu asiowajua.

Wahenga walilisema kwa ukali wao: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Unajipendelea, ndilo kosa. Kant alisema pia kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia haja zetu, kwa kuwa kila mtu ana thamani isiyo na bei. Turudi kwa fundi wa umeme. Alisema "hawa wametumezea chenji zetu". Hawa. Konda aliyekuwa mlangoni, mwenye jina na watoto, alikwisha kugeuzwa mfano wa makonda wote waliowahi kumdhulumu mtu.

Ninamheshimu Kant sana, na bado kuna mahali simfuati. Mwaka 1797 aliandika kwamba hata muuaji akikubishia hodi akimtafuta rafiki yako uliyemficha, huna haki ya kumdanganya. Aliyemficha jirani siku ya vurugu hawezi kukubali hilo, na sidhani anapaswa.

Kila mtu ahesabiwe mmoja

Yule dada aliyetaja hesabu ya tajiri alitazama matokeo: nani ataumia, kiasi gani? Hii ndiyo njia ya Jeremy Bentham, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake kikuu mwaka 1789. Kwake tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi zaidi na maumivu machache zaidi, ukiwahesabu wote wanaoguswa. Wote, bila kujali cheo. Bwana mkubwa anahesabiwa mmoja na mbeba mizigo mmoja.

Chukua jambo tuliloliona wenyewe. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa pembezoni mwa barabara na kwenye njia za waenda kwa miguu jijini. Mfuasi wa Bentham angeketi na kalamu: mama mjamzito aliyekuwa akilazimika kutembea barabarani kati ya bodaboda, mwenye duka aliyezibwa mlango, machinga aliyepoteza wateja aliowajenga kwa miaka, watoto wake, mnunuzi aliyekuwa akipata shati kwa bei nafuu akitoka kazini. Uzuri wa njia hii ni kwamba hairuhusu mtu kusahauliwa. Ubovu wake unaonekana pale hesabu inapotoka safi na bado roho inakataa. Wengi wape, tunasema. Lakini wachache je?

Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, alilifunga tatizo hili katika kisa ambacho sasa kinazunguka hadi kwenye makundi ya WhatsApp. Dereva wa tramu, yaani treni ya mitaani, hawezi kusimama. Mbele reli ina wafanyakazi 5. Akikata kona, upande wa pili kuna 1. Wengi wetu tutasema akate kona. Haya, daktari ana wagonjwa 5 wanaohitaji kila mmoja kiungo chake, na mlangoni ameingia mtu mzima mmoja kuja kupima presha. Hesabu ni ileile, 5 kwa 1. Mbona hakuna anayesema achinjwe? Watu hukimbilia kutafuta jibu la kisa. Thamani yake naiona kwingine: kinatuonyesha kwamba ndani yetu kuna zaidi ya kipimo kimoja, na vipimo hivyo hugombana.

Bentham pia alitazama pale ambapo methali ya mkuki haikufika. Kuhusu wanyama aliandika kwamba swali la kuuliza ni kama wanaweza kuumia, wala si kama wana akili au wanasema. Yaani alimuuliza nguruwe mwenyewe. Tangu nimsome, nikiona kuku wamefungwa miguu wakining'inia vichwa chini kwenye bodaboda juani, siwezi tena kuwatazama kama mizigo.

John Rawls, Mmarekani, alitafuta njia ya kuwalinda wachache. Katika kitabu chake cha 1971 alisema: fikiria mnapanga jamii yenu mkiwa nyuma ya pazia, na hakuna anayejua atazaliwa nani, wa Masaki ya matajiri au wa Tandale ya walalahoi, mzima au mlemavu, mwanamume au mwanamke. Akina mama wanaijua mbinu hii. Watoto wawili wakigombania chapati moja, mmoja anakata na mwenzake anachagua kwanza. Hutaona chapati iliyokatwa kwa uangalifu kama ile.

Utu

Sasa nirudi kwa bibi wa kanga na neno lake utu, maana naona watu wengi wanadhani maadili yenye kufikiriwa yaliletwa na meli.

Kiswahili kina neno ambalo lugha nyingi zingelitamani. Tunaweza kumnyooshea kidole binadamu kamili, mwenye miguu miwili na kitambulisho cha taifa, tukasema: "Yule si mtu." Na kila anayesikia anaelewa. Maana yake, kwa lugha yetu, kuzaliwa binadamu ni jambo moja na kuwa mtu ni jingine. Utu hujengwa, na hujengwa kwa namna unavyowatendea watu. Mnigeria Ifeanyi Menkiti aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huupata utu wake hatua kwa hatua ndani ya jumuiya. Mghana Kwame Gyekye akampinga: jumuiya ina uzito, lakini isimmeze mtu mmoja, kwa sababu heshima na haki zake havisubiri kupewa na ukoo. Mvutano wao tunauishi kila kikao cha familia kinapomwamulia binti nani atamuoa.

Hapa jijini, ambako TANU ilizaliwa 1954, wanachama walikuwa wakitamka ahadi. Mojawapo ilisema binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Nyingine ilisema cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Ukizisoma taratibu utaona ni falsafa ya maadili kamili, fupi kiasi cha kukaririwa na mtu asiyejua kusoma.

Mtu atasema: lakini kila mtu na maadili yake, akili ni nywele. Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, anasimulia kwamba mfalme Darius wa Uajemi aliwauliza Wagiriki wangetaka malipo gani ili wakubali kula maiti za baba zao, wakakataa katakata. Akawauliza watu wa India waliokuwa na desturi hiyo wangetaka nini ili wazichome kama Wagiriki, nao wakapiga kelele za hofu. Wengi huishia hapo na kusema hakuna jema wala baya. Mimi hutazama misiba ya jirani zangu. Nyumba ya mkono wa kulia, maiti ilizikwa alasiri ileile, kwa haraka, kwa sanda nyeupe. Nyumba ya kushoto walikaa siku nne wakichangishana ili mwili usafirishwe Moshi ukalale kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo. Matendo yako mbali kabisa, na makosa kwa upande mmoja ni wajibu kwa upande wa pili. Lakini nilikaa kwenye majamvi yote mawili na niliona kitu kilekile kinafanywa: marehemu anaheshimiwa, wafiwa hawaachwi peke yao. Na yule anayesema kila mtu na maadili yake, mwibie simu uone kama atakwambia hayo ni maadili yako.

Tulipokaribia Mtongani, mama wa samaki alimwita konda kwa jina la kazi. "Konda, njoo." Akamnyooshea noti ya elfu tano. "Umenizidishia. Chukua elfu tano yako." Konda akaitazama ile noti, akaitazama tena, akaweka mkono kifuani bila kusema kitu, kisha akarudi mlangoni. Hakuita abiria kwa muda.

Nilishuka na yule mama Zakhem nikamsaidia ndoo. Nikamuuliza, kwa kuwa kazi hii ya kuuliza imeshanizoea, ni neno la nani lililomshika: la mzee, la dada, la mwanafunzi, au la bibi? Akafikiri huku akipanga kata juu ya kichwa.

"Hata sikuwasikiliza sana, baba," akasema. "Ningelalaje?"